Faili ya Doldol na Sanduku la Vifaranga

Nimestaafu juzi tu, na tayari vijana wa zamu wameniuliza mara tatu niwaandikie jinsi ya kuamsha diski iliyokataa kuamka. Nitawaandikia. Lakini siwezi kueleza ile diski bila kueleza kosa langu, na kosa langu halieleweki bila siku ya kwanza. Kwa hivyo keti, weka chai karibu na simu mbali.

Nilikuja kituo cha data cha Kiganjo nikitoka kwenye simu za waya. Nilikuwa fundi wa mitambo mjini Nyeri, ile mitambo iliyojaza nyumba nzima kwa kazi ambayo leo inafanywa na kitu kinachotoshea kwenye kiondo. Kituo kilipofunguliwa walitaka watu wasioogopa nyaya. Mimi nyaya siogopi. Naogopa nyoka na mikutano, basi.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa sweta ya sufu niliyofumiwa na mama, nene, ya kijani, kwa sababu ilikuwa Julai na mtu wa Kiganjo anajua baridi ya Julai ni nini. Mkuu wa ukumbi alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuja huku kikazi akiwa kijana na hakurudi tena. Hakunisalimia. Alinyoosha kidole kwenye sweta yangu akasema, "Hiyo toa. Hiyo ni stima umevaa." Sufu ikisuguana na nguo nyingine inatoa cheche ndogo usizoziona, na cheche moja ya namna hiyo inaweza kuua diski. Nikavua, nikashinda siku nzima nikitetemeka ndani ya koti la pamba. Saa kumi akaniambia nimefanya kazi nzuri, ingawa sikuwa nimefanya kazi yoyote. Wiki hiyo yote nilitembea tu katikati ya makabati, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, nikisikiliza.

Nilichokuwa nikisikiliza ni kimya. Ukumbi wa mbele una kelele, kwa sababu kule diski hazilali. Kule kuna vitu watu wanafungua kila dakika: picha za jana, ujumbe wa leo. Ukumbi wetu wa nyuma unatunza vitu ambavyo watu waliweka wakaenda zao. Picha za harusi ya miaka kumi iliyopita. Barua za kazi ambayo mtu aliacha. Mtu hafungui hata mara moja kwa miaka, lakini siku akifungua anataka aikute, na anataka yote. Kwa hivyo kwetu kila trei ina diski kumi na tano, na inayozunguka ni moja tu. Nyingine zimezimwa, zinangoja zamu yao. Stima kidogo, joto kidogo, na hewa ya kupoza tunaivuta tu kutoka nje, ambako Mlima umeshaipoza bure. Wafula alikuwa akisema ukumbi wa mbele unalipwa kwa kuwasha, sisi tunalipwa kwa kuzima.

Vijana wa mbele walituita makaburini. Walikuwa wakipita na kuuliza marehemu wameamkaje. Niliwajibu kwamba marehemu wa kwetu wakiitwa wanaitika, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya vijana wa mbele siku ya Jumatatu.

Sasa, kukaa kimya si kukaa salama, na hili ndilo somo Wafula alilonifundisha kwa mwaka mzima. Diski iliyozimwa inaweza kuoza. Herufi moja inabadilika pole pole bila mtu kuigusa, na hutajua mpaka siku ya kuisoma. Kwa hivyo kila kipande cha data kina alama yake ya kukitambulisha, na programu inaamsha diski moja moja kwa zamu, inasoma kila kitu, inalinganisha na alama, halafu inairudisha kulala. Kipande kikikutwa kimeharibika, kinatengenezwa upya kabla mwenyewe hajajua.

Kinatengenezwa kutoka wapi? Hapo ndipo wageni wengi wanapotea, na mimi nilipotea pia. Nilidhani tunaweka nakala tatu za kila kitu. Wafula akacheka. Nakala tatu ni diski mara tatu, nani atanunua? Faili inakatwa vipande kumi, kisha programu inapiga hesabu juu ya hivyo kumi na kuzaa vingine vinne vya ziada. Jumla kumi na vinne, na kila kimoja kinalala kwenye kabati lake. Ukipoteza vinne, vyovyote vile, kumi vinavyobaki vinatosha kuzaa vilivyopotea. Ukipoteza cha tano, kwaheri. Tisa haviwezi kitu.

Ukumbi wetu ulikuwa na safu za makabati kumi na manne kwa ajili hiyo. Kipande kimoja kabati la kwanza, cha pili kabati la pili, mpaka mwisho, na ndani ya kila kabati kilikaa trei ile ile na nafasi ile ile. Kabati zima likiungua, kila faili imepoteza kipande kimoja tu. Mpango mzuri sana. Ilibaki mtu wa kuuharibu, na huyo mtu ni mimi.

Mwaka wangu wa pili, Wafula alienda Bungoma kuzika ndugu yake, na zikaja katoni za diski mpya, kila katoni diski kumi na nne. Aliniachia maneno manne: katoni moja, kabati moja. Hakueleza kwa nini. Mimi nikaona ni uvivu wa mtu anayewaza mazishi. Utajazaje kabati moja vitu vipya na lingine libaki hivi hivi? Kwetu, chama cha akina mama kikinunua katoni ya vikombe, kila nyumba inapata kimoja kutoka kila katoni, ili kukiwa na katoni mbovu asibebe mmoja hasara peke yake. Nyeri ukigawa vibaya utasemwa mpaka siku ya mazishi yako, na hata hapo kuna atakayenong'ona. Basi nikagawa sawasawa. Kila katoni nikaifungua, kila kabati likapata diski moja, trei ile ile, nafasi ile ile. Nikaandika namba zote kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri. Nilijiona mtu wa haki sana.

Sikumwambia Wafula niligawa vipi. Aliporudi aliona kila taa ni ya kijani, akanipongeza. Programu ikajaza diski zile. Miaka ikaenda, Wafula akastaafu, akaanza kufuga kuku hapo karibu na kituo, na mimi nikabaki na ukumbi.

Kisha Julai moja ya baridi kali, diski ikafa kabati la tatu. Diski hufa, si habari. Siku mbili baadaye ikafa nyingine, kabati la tisa. Ya tatu kabati la kumi na moja. Nilipokwenda kuitoa ya tatu ndipo nikaona ni trei ile ile, nafasi ile ile. Nikasimama hapo na bisibisi mkononi. Nikatoa lile daftari kwenye droo. Namba zilikuwa zinafuatana. Zilikuwa ndugu wa katoni moja, zimetoka kiwandani siku moja na ugonjwa mmoja, na mimi ndiye niliyezipanga kwa haki ile ya vikombe mahali hasa ambapo vipande vya faili moja vinakaa. Kama ningefuata maneno manne ya Wafula, ndugu wote wangekuwa kabati moja, na hata wangekufa wote, kila faili ingepoteza kipande kimoja.

Programu ilikuwa inatengeneza upya, lakini pole pole, kwa sababu kwetu diski zinaamshwa moja moja. Ijumaa ikafa ya nne. Mpaka Jumapili jioni karibu kila kilichokuwa kwenye diski zile kilikuwa kimeshaokolewa. Karibu. Zilibaki faili chache za mwisho kwenye foleni, na hapo diski ya tano, ya kabati la sita, ikagoma kuzunguka. Haikuwa imefariki. Ilikuwa inajaribu, inatoa sauti ya tik, tik, tik, inanyamaza. Tukabaki na vipande tisa.

Jumatatu asubuhi askari wa lango akanipigia simu akisema kuna mama ameshuka hapo anataka faili yake. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuja langoni kudai faili. Askari, akidhani amepotea, alishamwelekeza duka la mbolea la jirani mara mbili.

Jina lake lilikuwa Naserian, mwalimu wa shule ya msingi, ametoka Doldol alfajiri. Aliniamkia kwa heshima, akatoa barua kwenye bahasha ya plastiki. "Niko na kesi Alhamisi, mama," akasema. "Nimejaribu kufungua video wiki nzima. Inaniambia nijaribu baadaye. Mimi sina baadaye."

Akanieleza pale pale langoni. Kwao kuna chemchemi ambayo ng'ombe wa familia yao na majirani wamekunywa tangu babu wa babu. Mwenye shamba la jirani ameizungushia ua na kusema hawa watu hawakuwahi kuwa hapo, wamekuja juzi. Wazee waliojua mipaka wamekwisha. Lakini miaka kumi iliyopita, babu yake akiwa hai, Naserian alitembea naye kutwa na simu mkononi, na mzee akaonyesha kila jiwe, kila kaburi, na birika la mawe ambalo baba yake alijenga kwenye chemchemi. Video aliiweka kwenye hifadhi ya mtandaoni, simu ikaibwa, mzee akafariki, na yeye hakuifungua tena kwa sababu ilimliza. Sasa shauri linasikizwa na baraza la ardhi la Nanyuki, na hawana karatasi yoyote. Wana ile video tu.

Sisi haturuhusiwi kuangalia vitu vya watu, na kwa kweli hatuwezi. Ninachoona mimi ni namba. Nikachukua namba ya malalamiko aliyopewa kwenye simu yake, nikarudi ndani, nikaitafuta. Tayari nilijua nitaikuta wapi. Ilikuwa kwenye foleni ile, ambako faili haifunguki mpaka itengenezwe, na imebaki na vipande tisa.

Meneja wetu, Kirimi, kijana mwerevu wa Meru ambaye hajawahi kunikosea adabu, alikuwa ameshajaza fomu. Fomu hiyo inasema data imepotea, na mwenyewe anatumiwa barua ya pole. Ilihitaji sahihi ya mkuu wa ukumbi, yaani mimi. Aliniambia kwa upole kwamba utaratibu ni majaribio matatu, na yamefika. Nikamwambia siweki sahihi. Akaniuliza kama niko na njia nyingine. Nikasema sina, ila niko na namba ya simu ya mtu.

Kisha nikarudi langoni kwa Naserian, maana hakuna kitu kibaya kama mtu kungoja bila kujua. Nikamwambia ukweli wote: vipande, ndugu wa katoni moja, na nani aliyezipanga. "Kosa ni langu," nikamwambia. "Si la mashine." Nilitarajia anitukane, na nilistahili. Aliuliza kama hicho kipande cha kumi kimekufa au kimelala. Nikasema kimelala. Akasema basi atangoja, ana dada yake Kiganjo pale chuo cha polisi, ndiye aliyemwelekeza kituo, atalala huko.

Wafula alikuja kesho yake saa moja na nusu asubuhi, amevaa viatu vya gambuti, akinuka kuku. Nilimweleza yote, hata daftari. Nilidhani atakasirika. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akafunga, akasema, "Wangechi, hii ni makosa ya mtu mzuri. Mimi nilipaswa nieleze sababu, nikataja sheria tu." Halafu akaomba asikie diski.

Alisikiliza mara moja tu, kichwa kimeinama. Akakataza mtu yeyote asiiwashe tena. Kila mara unapoilazimisha, akasema, unampiga mtu aliyeganda. Diski hii imelala miezi, na hewa ya nje ya Julai ndiyo imejaa ukumbini. Mafuta kwenye mhimili wake yameganda, na kwa diski nzima hiyo si kitu, itajisukuma mpaka yalainike. Hii ya katoni mbovu haina nguvu hiyo. Inataka joto, lakini pole pole, tena lisilopanda na kushuka. Ukiipasha ghafla, vyuma vinatanuka kila kimoja kivyake na sindano ya kusomea inakwaruza. Ukiitoa baridini ukaiweka kwenye joto wazi, inatoa jasho ndani.

Kirimi akasema tutaagiza kabati maalumu la joto kutoka Nairobi. Wafula akamuuliza litafika lini. Kirimi akasema wiki ijayo. Wafula akatoka nje, akarudi amebeba sanduku la kulelea vifaranga.

Naliandika hili ili mlijue, kwa sababu najua kuna wanaosimulia ati tulipika diski kwenye jiko. Hapana. Sanduku la vifaranga ni chombo cha adabu. Lina taa ya kupasha, lina kipima joto, na lina kidude cha kuzima na kuwasha taa ili joto lisicheze hata kidogo, maana kifaranga cha siku moja hakisamehe. Wafula aliapa ni jipya, halijawahi kuona kuku. Nilikuta manyoya mawili. Tulilipangusa, tukaweka ndani kitambaa cha kuzuia cheche, tukaifunga diski kwenye mfuko wake pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, tukapitisha nyaya kwenye tundu la hewa na kuziba kwa utepe. Tulianza na joto la ukumbini. Kila saa Wafula aliongeza kidogo, mimi nikiandika kwenye daftari lile lile lililonishtaki. Kirimi alipita mara nne akichungulia. Mara ya tano alileta maandazi.

Saa nane mchana Wafula akaniambia niwashe. Nikamwambia awashe yeye, mkono wake ni mzuri. Akakataa. Akasema aliyezipanga ndiye aziamshe.

Nikawasha. Tik. Tik. Halafu ikaja ile sauti ambayo nimeipenda kuliko wimbo wowote wa kanisani, Mungu anisamehe, sauti ya diski inayojizungusha pole pole, inapanda, inapanda, mpaka inatulia juu. Kirimi, na suti yake, alipiga magoti mbele ya sanduku la vifaranga. Tulisoma kipande cha kumi kabla ya kitu kingine chochote, tukakihamishia diski nzima, halafu programu ikalinganisha alama yake. Ikalingana. Vipande kumi vikazaa vinne vilivyopotea, dakika chache tu, hesabu tupu. Alama ya faili nzima ikalingana pia, herufi kwa herufi, kama siku ile mwalimu alipoiweka. Tukaendelea na faili zile nyingine za mwisho kwenye foleni. Hatukupoteza hata moja. Narudia kwa ajili ya vijana wa mbele: hata moja.

Diski ile ilizunguka saa tatu ikafa, na sikuilaumu.

Nilimpigia Naserian. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba alisema neno moja kwa lugha yake, akakata simu, halafu akapiga tena kushukuru.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikaenda Nanyuki, nikakaa nyuma kabisa. Miaka yote ile nilikuwa natunza vitu vya watu bila kuwahi kuona hata kimoja. Wakazima taa, na kwenye ukuta akatokea mzee mrefu wa shuka jekundu, fimbo mkononi, anatembea kwenye nyasi kavu. Anasimama kwenye jiwe, analigonga kwa fimbo, anasema jina. Anatembea tena. Alipofika kwenye birika la mawe aliinama, akachota maji kwa kiganja, akanywa, akaangalia simu moja kwa moja akacheka. Mwenyekiti wa baraza akaomba wairudishe hapo nyuma kidogo, kisha akamuuliza mwenye shamba la jirani ni nani aliyejenga birika lile. Yule bwana akaangalia wakili wake. Mimi nililia waziwazi, na sijutii.

Walipewa chemchemi yao. Ua ukaondolewa.

Kituoni tulibadilisha mengi baada ya hapo. Sababu ya kila sheria sasa imeandikwa chini yake, kwa amri ya Kirimi. Katoni moja, kabati moja, na vipande vinne kati ya vile kumi na vinne vinalala kwenye kituo chetu cha pili, Sagana, ambako kuna joto na samaki, na ambako Julai ya Kiganjo haifiki. Ukumbi unapashwa kidogo kabla ya kuamsha diski za zamani. Na kwenye stoo kuna sanduku moja, limepakwa rangi ya kampuni, lina namba ya mali na cheti cha ukaguzi. Wageni wakiuliza ni la nini, msiseme uongo.

Wiki niliyostaafu, Naserian alinialika Doldol. Nilifika mchana, jua kali, ng'ombe wamepanga foleni kwenye birika lile wenyewe kama wanafunzi. Alinipeleka kwa mama yake, binti wa yule mzee, ajuza asiyeona vizuri tena. Naserian akamwambia mimi ndiye niliyemtunza baba yake Kiganjo miaka ile yote. Yule mama akashika mikono yangu yote miwili, akaipapasa kama anayetafuta kitu ndani yake. Akaniuliza kwa Kiswahili cha pole pole, "Na hata sasa, kesi imeisha, bado mko na yeye?"

"Tuko na yeye, mama," nikamwambia. "Hata kama hakuna mtu atamfungua tena."